Mtaji wa Kwanza ni Saa: Majibu kwa Akina Mama wa Nyumbani

Katika wiki chache zilizopita meza yangu imejaa barua za akina mama waliobaki nyumbani kulea watoto, ambao wangependa kupata kipato cha ziada bila kuwaacha watoto hao mikononi mwa watu wengine. Nyingi zinauliza swali moja kwa maneno tofauti: nifanye kazi gani? Nimezisoma zote, na nimechagua tano ambazo majibu yake yanaweza kuwafaa na wengine. Nimezifupisha, na majina ya walioziandika nimeyahifadhi.

SWALI: Shikamoo Mama Mshauri. Mimi ni mama wa watoto wawili. Mkubwa ana miaka minne na mdogo ana miezi tisa. Kabla ya kumpata wa kwanza nilikuwa karani wa hesabu katika kampuni ndogo. Mume wangu anafanya kazi, lakini mshahara wake haufiki mwisho wa mwezi. Nimesoma orodha nyingi za kazi za kufanya nyumbani, kama vile kushona, kufundisha, kuchapa na kuuza mtandaoni, na kila orodha inaniacha nimechanganyikiwa zaidi. Nianze na ipi?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Usijilaumu kwa kuchanganyikiwa. Orodha hizo zinaanza na kazi, ilhali wewe unapaswa kuanza na saa. Mwajiriwa huuza saa nane zilizoshikana, na kazi nyingi za ofisini na viwandani zimekatwa kwa kipimo hicho. Mama mwenye mtoto wa miezi tisa hana saa nane zilizoshikana. Ana dakika 40 mtoto anapolala asubuhi, pengine saa moja na robo mchana, na saa mbili za usiku ambazo mwili wake unazidai kwa ajili ya usingizi. Kazi yoyote utakayoichagua italazimika kuingia katika nafasi hizo, na ikikataa kuingia, itakula usingizi wako au itakula subira yako kwa watoto.

Kwa hiyo, kabla ya kununua kitu chochote, chukua daftari, na kwa siku saba mfululizo uandike kila muda uliobaki huru: ulianza saa ngapi, na mtoto alikuita tena saa ngapi. Usiandike kwa kukisia. Andika kama saa ya ukutani inavyosema. Wiki ikiisha, zitenge nafasi hizo katika makundi matatu: zilizo chini ya nusu saa, zilizo kati ya nusu saa na saa moja na nusu, na zinazozidi hapo. Jumla yake ni muhimu, lakini ukubwa wa kila kipande ni muhimu zaidi. Saa kumi zilizogawanyika katika vipande thelathini si sawa na saa kumi zilizomo katika vipande sita.

Hapo ndipo utakapoanza kuziangalia kazi kwa jicho lingine, kwa kuwa zipo zinazokatika na zipo zisizokatika. Kufuma kunakatika, na vivyo hivyo kupanga stakabadhi au kujibu maswali ya wateja kwa maandishi. Mtoto akilia, unaweka sindano chini, na ukirudi dakika ishirini baadaye unaikuta pale pale. Kufundisha kwa simu ya video hakukatiki, wala kurekodi sauti, kwa sababu kuna mtu upande wa pili aliyelipia dakika zile zile ambazo mwanao naye anazidai.

Nikupe mfano wa jinsi saa zinavyoweza kumponyoka mtu mwangalifu. Mara nyingi utaona matangazo ya kazi ya kusikiliza mazungumzo yaliyorekodiwa na kuyaandika, yenye malipo kwa kila saa moja ya sauti. Msomaji huichukulia kuwa saa moja ya kazi. Mtu akizungumza kwa kawaida hutoa maneno kama 130 hadi 150 kwa dakika, na mchapaji wa wastani huchapa kama 40. Hata asiporudisha sauti nyuma mara moja, saa hiyo itamchukua zaidi ya saa tatu, na akiongeza kurudia na kusahihisha zinakuwa nne. Huyo ni mzoefu, tena mwenye sauti safi. Anayeanza, au anayepewa sauti yenye kelele na watu wanaoingiliana, anaweza kutumia sita au zaidi. Malipo yanayotajwa yagawe kwa nne kabla hujasema ndiyo, na kama ndiyo kwanza unajifunza, yagawe kwa sita.

Kwa upande wako ninaona njia iliyo karibu zaidi. Wewe ni karani wa hesabu. Wenye biashara ndogo wengi hawamudu kumlipa karani mwezi mzima, lakini wanazo stakabadhi zilizojaa kwenye droo, hawajui nani anawadai na nani wanamdai, na wanaamka usiku wakiwaza kodi. Mmoja wao akikuletea stakabadhi zake mara moja kwa juma, ukaziingiza kwenye vitabu na kumpa taarifa fupi ya mwezi, hiyo ni kazi inayokatika, isiyohitaji bidhaa za kuweka akiba, na ambayo tayari umeilipia kwa miaka yako ya ofisini. Anza na mteja mmoja kwa miezi miwili, uone inakula saa ngapi hasa, ndipo umtafute wa pili. Jihadhari na jambo moja: kazi hii inajaa siku za mwisho wa mwezi, na wateja watatu wanaofunga hesabu kwa siku moja wanaweza kukuvunja, kwa hiyo patana nao tarehe tofauti.

Mteja wa kwanza mtafute karibu. Bette Nesmith Graham alikuwa katibu muhtasi huko Dallas, Marekani, akimlea mwanawe peke yake. Alijichanganyia rangi nyeupe ya kufunikia makosa ya taipureta, makatibu wenzake wakaiona na kuitaka, na mwaka 1956 akaanza kuwauzia katika chupa ndogo zilizojazwa nyumbani kwake, mwanawe na rafiki zake wakisaidia kujaza. Mwaka 1979 kampuni yake ilinunuliwa na Gillette kwa dola milioni 47.5. Sikutajii habari hii ili uote mamilioni. Nataka uone kwamba wateja wake wa mwanzo walikuwa watu aliokaa nao meza kwa meza, na shida aliyoitatua alikuwa anaijua kwa kuwa ilikuwa yake. Watu wa ile kampuni uliyoiacha, wauzaji waliokuwa wakiileta bidhaa, na wateja wake wadogo, wote hao walikwishaiona kazi ya mikono yako.

SWALI: Mama Mshauri, ninafuma masweta na kofia za watoto wachanga. Masweta yananipa sifa na wateja wanayasubiri. Sweta moja ninalimaliza kwa jioni sita, kila jioni saa mbili. Kofia ninazifuma kwa kujiburudisha tu, kwa kuwa bei yake ni ndogo, nami ninafikiria kuziacha ili nishike masweta. Lakini nimefanya kazi mwaka mzima na sioni fedha. Nimekuandikia gharama zangu zote. Ninakosea wapi?

JIBU: Dada yangu, nimekaa na barua yako jioni nzima, na ninakushukuru kwa kuniletea namba badala ya malalamiko, kwa sababu namba zako zimesema jambo ambalo wewe mwenyewe hukulitarajia. Nimezigeuza zote kwa uwiano mmoja ili bei ya sweta lako iwe 100, na msomaji wa sarafu yoyote aweze kufuata.

Katika hiyo 100, uzi unachukua 38, vifungo 4, mfuko na usafiri wa kumfikishia mteja 9. Umeishia hapo, ukapata 51, ukasema faida ni 49. Umesahau uzi unaokatika na kutupwa, sindano zinazopinda, taa unayowasha usiku na simu za kumuuliza mteja kipimo cha kifua. Nimeziwekea 3 tu, nami nadhani nimekuhurumia. Gharama ni 54, na kinachobaki ni 46. Hiyo 46 usiiite faida bado, maana ndani yake hamjatoka ujira wa mfumaji. Igawe kwa saa zako 12, na utaona kuwa kila saa imekulipa chini ya 4.

Sasa tuje kwenye kofia unayoidharau. Unaiuza 30. Uzi wake ni 7, mfuko na usafiri 3, na kinabaki 20. Unaimaliza kwa saa mbili na nusu. Kila saa imekulipa 8. Kazi unayoiita ya kujiburudisha inakulipa mara mbili ya ile unayoiita biashara, na ulikuwa mbioni kuiacha!

Sikuambii uache masweta kesho asubuhi. Ili saa 12 za kofia zikupe karibu 96 badala ya 46, unahitaji wanunuzi wapatao watano pale ulipohitaji mmoja, na kumtafuta mnunuzi nako kuna saa zake, ambazo katika barua yako hukuziandika popote. Inawezekana pia kwamba sweta ndilo linalowaleta watu na kofia inanunuliwa kwa kulifuata. Ndiyo maana ninakuomba ufanye mambo mawili kwa muda wa miezi mitatu. La kwanza, masweta yafumwe kwa oda tu, na mteja atangulize nusu ya bei, ambayo itatosha uzi na vifungo, ili mtaji wako usikae kabatini ukisubiri mtoto wa kimo hicho azaliwe. La pili, uzi unaobaki kwenye kila sweta uutumie kwenye kofia ya rangi hiyo hiyo, umwoneshe mteja vyote viwili kwa pamoja.

Kisha lipime sweta lenyewe kipande kwa kipande. Weka saa mbele yako unapofuma mgongo, uandike; mikono, uandike; kuunganisha, uandike. Umesema mwenyewe kwamba ukosi na vifungo vinakusumbua kuliko mwili wote wa sweta. Ikiwa vinakula saa mbili na nusu kati ya zile 12, fikiria sweta la kuvalia kichwani, lenye shingo pana isiyo na vifungo. Mtoto mchanga hajali vifungo, na mama anayemvisha usiku wa manane huenda akashukuru kwamba havipo.

Kuhusu bei, usiogope kuipandisha. Ukiliuza sweta hilo hilo kwa 130 kwa wale wanaolisubiri, gharama ikibaki 54, utabakiwa na 76, na saa yako itapata kama 6, ambayo bado ni chini ya kofia. Lakini zaidi ya kupandisha, zuia kushusha. Umeandika kwamba wateja wa zamani unawapunguzia 20. Kwa mteja, hiyo ni sehemu moja ya tano ya bei. Kwako, 46 imekuwa 26, yaani zaidi ya sehemu mbili kati ya tano za ujira wako zimeondoka. Ili uipate tena ile 46 kwa bei hiyo mpya, utafuma takriban saa 21 badala ya 12. Punguzo lote linatoka katika saa zako, kwa sababu muuza uzi hakukupunguzia, wala mwenye gari la kupeleka mzigo. Ukitaka kumfurahisha mteja wa siku nyingi, mpe kofia ya uzi uliobaki. Kwake ni zawadi ya thamani ya 30, na kwako imegharimu saa mbili na nusu ambazo umezitoa kwa hiari yako, ukijua umetoa nini.

Nami nalijua kosa hili kwa kulitenda. Watoto wangu walipokuwa wadogo nilikuwa nikichapa hati nyumbani, nikitoza kwa ukurasa, na ukurasa wenye majedwali niliutoza sawa na ukurasa wa barua. Ilinichukua zaidi ya mwaka kutambua kwamba mteja niliyempenda kuliko wote, aliyelipa siku hiyo hiyo na kunisifu mbele ya watu, ndiye aliyekuwa akinilipa kidogo kuliko wote kwa saa, kwa kuwa yeye alileta majedwali matupu.

SWALI: Rafiki yangu amenialika katika mpango wa kufanya kazi nyumbani. Ninalipa kiingilio, kisha ninaleta watu sita, kila mmoja analeta sita wake, nami ninapata sehemu ya kiingilio cha kila anayeingia. Anasema wapo akina mama waliokwishajenga nyumba. Ninahofia kupitwa.

JIBU: Usilipe, mama. Hebu tuihesabu ahadi hiyo pamoja. Wewe unaleta 6, hao wanaleta 36, wa ngazi ya tatu ni 216. Endelea kuzidisha kwa sita, na ukifika ngazi ya kumi na tatu unahitaji watu zaidi ya bilioni 13, ilhali dunia nzima ilifikisha watu bilioni 8 mwaka 2022. Mpango huo hauhitaji mtu mwovu ili uanguke. Hesabu yenyewe inauangusha, na wakati wowote utakapoanguka, kundi lililoingia mwisho ndilo kubwa kuliko yote yaliyotangulia yakijumlishwa, nalo halipati chochote. Wale waliojenga nyumba, kama wapo, wamejenga kwa viingilio vya wenzao.

Mchezo wa kuwalipa wa mwanzo kwa fedha za wanaofuata una umri mkubwa. Charles Ponzi aliufanya huko Boston mwaka 1920, akiahidi faida ya asilimia 50 kwa siku 45, kwa kisingizio cha kununua na kuuza kuponi za posta za kimataifa. Waliotangulia walilipwa kweli, wakawa mashahidi wake wa bure, na kabla ya mwaka kuisha alikuwa mikononi mwa sheria. Angalia jinsi ulivyoalikwa: hukualikwa na mgeni, umealikwa na rafiki ambaye huenda amelipwa mara moja au mbili na anaamini kila analokuambia. Hapo ndipo panaponiumiza, kwa sababu ukiingia, nawe utalazimika kuwafuata dada zako, majirani zako na wazazi wenzako wa shuleni, na mpango ukianguka utakuwa umepoteza fedha pamoja na watu ambao mama wa nyumbani huwategemea mtoto anapougua usiku.

Jiulize swali moja tu: kama kesho asiongezeke mwanachama mpya hata mmoja, je, kuna bidhaa au huduma ambayo mtu wa nje angeinunua kwa bei hiyo? Kama haipo, hakuna kazi hapo. Tahadhari hiyo hiyo itumie kwa anayekutaka ulipie mafunzo, fomu au vifaa kabla ya kukupa kazi ya kuchapa au ya kubandika bahasha. Mwenye kazi hulipa wafanyakazi; hawatozi.

SWALI: Ninakunja na kubandika mifuko ya karatasi kwa mfanyabiashara mmoja. Karatasi analeta yeye, gundi ninanunua mimi, na ananilipa kwa kila mifuko 100. Iliyoharibika anaikata kwenye malipo yangu, na yeye ndiye anayeamua ipi imeharibika. Binti yangu wa miaka minane hunisaidia. Ninashukuru kupata kazi, lakini je, malipo ya kipande namna hii ni halali?

JIBU: Shukrani yako ni njema, lakini isikufunge mdomo. Kwanza ujue kwamba huko peke yako. Shirika la Kazi Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2019 watu milioni 260 walikuwa wakifanya kazi zao majumbani, na zaidi ya nusu yao walikuwa wanawake. Kwa ajili ya watu kama wewe, shirika hilo lilipitisha mwaka 1996 Mkataba Namba 177, unaotaka afanyaye kazi nyumbani kwa malipo ya mwajiri asitendewe tofauti na mfanyakazi mwingine katika ujira, usalama, ulinzi wa uzazi na haki ya kujiunga na chama. Nchi zilizouridhia ni chache, na sheria ya mahali ulipo ndiyo itakayokulinda au kukuacha, kwa hiyo nenda ukaulize katika ofisi ya kazi iliyo karibu nawe.

Hata hivyo, pamoja na mkataba huo lilipitishwa Pendekezo Namba 184, ambalo unaweza kulitumia kama kipimo hata pale lisipokuwa na nguvu ya sheria. Linasema mfanyakazi wa nyumbani afidiwe gharama za kazi, kama nishati, maji, mawasiliano na matengenezo ya vifaa, na vilevile alipwe kwa muda anaoutumia kupanga, kufungua na kufunga mizigo. Linataka pia apewe masharti ya kazi yake kwa maandishi au kwa njia nyingine inayokubalika kisheria. Sasa rudi kwenye mifuko yako. Pima saa kuanzia unapoifungua karatasi mpaka unapofunga bunda la 100, ukiingiza kuhesabu na kusubiri gundi ikauke kama huwezi kufanya jingine wakati huo. Toa bei ya gundi. Kinachobaki, kigawe kwa saa. Nenda kwa mfanyabiashara na namba hiyo, umwombe mambo mawili yaliyo rahisi kukubalika: gundi aitoe yeye, na mifuko iliyoharibika ihesabiwe mbele yako siku ile ile unapoikabidhi, mkubaliane mapema mfuko mbovu ni upi. Wekeni sahihi kwenye karatasi, hata ikiwa ni ukurasa wa daftari.

Ukiwapata wengine wanaomfanyia kazi hiyo hiyo, nendeni pamoja. Huko Ahmedabad, India, Ela Bhatt alianzisha mwaka 1972 chama cha wanawake waliojiajiri, SEWA, kilichowakusanya wanawake wengi wa kazi za nyumbani waliokuwa wakilipwa kwa kipande, na chama hicho ni miongoni mwa walioupigania mkataba niliokutajia mpaka ukapita. 

Kuhusu binti yako, nitasema waziwazi kwa kuwa nakupenda. Kama malipo yanavumilika tu pale saa za mtoto wa miaka minane zinapoongezwa bure juu ya zako, basi malipo hayo ni madogo mno, na hesabu unayompelekea mfanyabiashara isiwe na mkono wa mtoto ndani yake. Na kama gundi hiyo ina harufu kali inayopanda kichwani, isifunguliwe katika chumba wanacholala watoto.

SWALI: Ninatunza watoto wawili wa majirani pamoja na wangu. Wazazi wao wananilipa kila mwezi, lakini fedha inaisha jikoni kabla sijaiona. Mume wangu anasema hiyo si kazi kwa kuwa ningekaa nyumbani hata hivyo. Tena mzazi mmoja huchelewa kumchukua mwanawe, wakati mwingine saa nzima, na ninaona aibu kumwambia.

JIBU: Mwanangu, haya matatu yana mzizi mmoja: saa zako hazijaandikwa mahali popote, kwa hiyo kila mtu anazichukulia kuwa za bure, hata wewe. Fungua akaunti au tenga mkoba ambao fedha ya kazi itaingia yote kabla ya kugusa jiko. Kutoka humo, toa kwanza gharama za watoto wale, yaani chakula chao, sabuni na vya kuchezea vinavyovunjika. Kisha jiandikie ujira wa kudumu, hata kama ni mdogo, na huo ndio utakaouchangia nyumbani kwa kiasi utakachokubaliana na mumeo. Kitakachobaki kikae kwa ajili ya mwezi ambao mtoto mmoja ataondoka, maana ataondoka. Siku nyumba ikikwama na ikalazimu kuchukua humo, andika kuwa ni deni la nyumba kwa kazi yako, pamoja na tarehe litakaporudishwa.

Mumeo usimjibu kwa maneno. Mwekee daftari mbele yake mwisho wa mwezi, aone saa ulizoshikwa, kilichoingia, kilichotoka na kilichonunuliwa nyumbani kwa fedha hiyo. Ni kweli kwamba ungekaa nyumbani hata hivyo, lakini ungekaa na watoto wako tu, ungeweza kutoka nao mchana, na usingekuwa na dhamana ya uhai wa watoto wa watu. Kwa sababu ya dhamana hiyo, ulizia pia masharti ya mahali ulipo, kwani nchi nyingi zinamtaka anayelea watoto wa wengine kwa malipo ajiandikishe, na baadhi huweka kikomo cha idadi ya watoto kwa mlezi mmoja.

Yule mzazi anayechelewa zungumza naye wiki hii, lakini usimngoje mlangoni jioni akiwa amechoka na mtoto anamvuta mkono. Mpigie simu siku ya mapumziko, umwambie kwamba kuanzia tarehe moja ya mwezi ujao kila nusu saa baada ya muda mliopatana itaandikwa na kulipwa pamoja na ada ya mwezi, na umtajie kiasi. Akikuuliza kwa nini sasa, mwambie kweli: umeanza kuandika, na umeona kwamba mwezi uliopita mwanawe alikaa nawe muda mrefu zaidi ya ule alioulipia.